Mwamvua wa Mkahawani

Asiniambie mtu nipunguze hasira. Nimeshaambiwa na mke wangu, nimeambiwa na imamu, na juzi kaniambia mteja aliyeniletea baiskeli nimzibie pancha. Wote nimewajibu jibu moja: wapunguze wao upuuzi, nami nitaona la kufanya.

Naitwa Miraji. Mchana natengeneza baiskeli Barabara ya Nane, hapa Ngamiani. Jioni za Alhamisi na Jumamosi napiga fidla katika Zuhura, klabu ya taarabu, ambayo kama huijui basi wewe Tanga ulipita tu ukielekea kwingine. Tuliianzisha mwaka arobaini na saba, watu tisa, na mwimbaji wetu alikuwa Mwamvua binti Jumbe. Mwaka hamsini na moja Mhindi mmoja alitupeleka Mombasa akatutia kwenye santuri. Wimbo wenyewe uliitwa "Hodi ya Pili." Ukumbini tulikuwa tukiupiga nusu saa nzima, fidla inasema, udi unajibu, Mwamvua anaingia anapotaka yeye. Mhindi akatwambia ana dakika tatu tu. Tukaukata huku, tukaukata kule, ukaenea.

Mwaka uleule Mwamvua akaolewa Pangani, na mumewe akamkataza kuimba. Sisi tukaendelea na waimbaji wa kuokoteza. Mji ukabaki na santuri, na hapo ndipo wazimu ulipoanza.

Santuri zenyewe hazikuwa nyingi. Baada ya miaka miwili mitatu, nyingine zilivunjika, nyingine zilikwaruzika mpaka zikawa zinakoroma tu, ikabaki moja nzima, nayo ilikuwa mkahawani kwa Mselem, Barabara ya Sita. Mselem alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na kila siku baada ya sala ya alasiri aliiweka "Hodi ya Pili" watu wakaja na kashata zao kubishana.

Na walibishana, wallahi. Mwinyijuma, mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa nazi, alishika kwamba Zuhura ya kweli ni ile ya santuri, fupi, safi, haina maneno mengi. Noa, karani wa posta, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri mpole ukimkuta barabarani, alikuwa akigeuka simba akifika hapo. Yeye alisema Zuhura ilikufa siku ilipokatwa. Alisema nusu saa ile ndiyo iliyokuwa muziki, na waliokosa kuisikia wamekosa, poleni. Walikuwa wakitupiana maneno mpaka kahawa inapoa. Jambo moja tu walikubaliana: kwamba hakuna sauti iliyopata kutokea pwani hii kama ya Mwamvua, nyembamba, inapanda juu, inakata. Ukitaka ushahidi walikuonyesha kwa kidole ile gramafoni.

Mwaka huu wa hamsini na saba Mwamvua akaachwa. Alipomaliza eda akarudi kwa mama yake Barabara ya Kumi, na siku ya pili tu akaja kwenye kibanda changu na buibui lake.

"Shikamoo, kaka Miraji."

"Marahaba, Bi Mwamvua. Karibu."

Hakukaa. "Nataka kuimba," akasema. "Mama ameshaletewa posa mbili, na wote wazee. Sitaki kuolewa tena ili nipate kula. Kazi ninayoijua ni moja. Niombee kwa mwenyekiti."

Nikaenda kumwombea. Mwinyijuma alikuwa kama mtu aliyeambiwa marehemu amefufuka. Lakini ni mtu wa mahesabu yule, akaweka sharti: aimbe Jumamosi moja, wasikilizaji wamsikie. Wakimpokea, Iddi ya Kuchinja ataimba yeye na nafasi itakuwa yake. Wasipompokea, basi, asiiaibishe klabu wala asijiaibishe mwenyewe.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Kina mama walishona sare za kijani kwa ajili yake. Kwetu, mtu akipendezwa na mwimbaji huinuka, akaja mbele taratibu kwa madaha akamtunza pesa, na wengine humfuata. Mwimbaji hajui kama amependwa kwa makofi, anajua kwa watu kuinuka. Nikaanza fidla. Mwamvua akaingia, sauti imetulia, nzito kidogo, haina haraka. Ubeti wa kwanza ukapita, hakuinuka mtu. Wa pili ukapita. Nikawaona kina mama wa kijani wanatazamana. Ubeti wa tatu Noa alikuwa ameinamisha kichwa, anatikisa.

Nikasikia kwa masikio yangu: "Sauti imekwisha." Mwingine: "Pangani imemmaliza maskini." Walikuwa wakinong'ona kama watu wa msibani, na yeye yuko mbele yao anaimba.

Na mimi nitasema ukweli kwa kuwa hapa sina wa kumwogopa. Mimi niliyekuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake nilifikiri vilevile. Nilijiambia, kweli, imeshuka.

Tulipokwisha alinifuata nyuma ya pazia. "Kaka Miraji, nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Mbona hawakuinuka?"

Nikamwambia labda ni pumzi, kakaa sana bila kuimba. Nilimtazama viatu nilipokuwa nikisema.

Jumatatu nilipita kwa Mselem na fidla yangu kwapani, nimetoka klabu kuvisha uzi mpya. Walikuwa wameiweka santuri wanamwomboleza. Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo linalonichoma. "Hodi ya Pili" inaanza kwa fidla peke yake, na sauti ya kwanza kabisa ni uzi mtupu, siuwekei kidole. Nimeianza hivyo mara mia, hata Mombasa niliianza hivyo. Nikaegemeza fidla kidevuni, kwa huzuni tu, niifuatishe. Uzi wangu ukalia chini, santuri ikalia juu. Nikaweka kidole cha kwanza, bado. Cha pili, ndipo tukakutana.

Nikadhani nyuzi zimelegea. Lakini nilikuwa nimezilinganisha na kinanda cha klabu nusu saa iliyopita. Nikamwomba Mselem arudie. Ikawa vilevile. Nikamwomba Noa saa yake ya mkono, nikachora alama ya chaki kwenye karatasi ya katikati ya santuri, nikahesabu ikizunguka dakika moja kamili. Karatasi ile imeandikwa sabini na nane, ndiyo mizunguko ya dakika moja. Mimi nilihesabu mara tisini na mbili. Nikarudia. Tisini na mbili.

"Mselem," nikasema, "mashine yako inakimbia, inapandisha na sauti."

"Naijua," akasema huku akifuta vikombe, hana habari. "Springi imechoka. Zamani ilikuwa ikinilegea kabla wimbo haujaisha, mwisho unakuwa kama mtu anasinzia. Nikaikaza skrubu ya mwendo, sasa wimbo unakwisha mapema kabla springi haijalegea."

"Uliikaza lini?"

"Tangu hamsini na mbili."

Miaka mitano. Miaka mitano mji mzima umekaa pale unasikiliza sauti ya mwanamke iliyovutwa juu vidole viwili, unailia, unaiapia, na mwenye sauti akija unamwambia ameipoteza. Nami mmoja wao, fidla mkononi, kahawa kila wiki. Nilitaka kuipiga teke meza ile.

Nikauzuia ulimi wangu mpaka Alhamisi. Alhamisi alasiri niliwaita wote mkahawani: Mwinyijuma, Noa, wanachama, na wale wabishi wa kila siku. Mwamvua haingii mkahawani, lakini nyumba ya Mselem iko nyuma hapohapo, na mkewe Mastura alimkaribisha uani, wakakaa chini ya dirisha lililofunguka upande wetu. Alikuja kwa sababu nilimwahidi. Nilimwambia leo wataona wenyewe, na nafasi yako utapewa.

Nikawaeleza. Nikawaonyesha chaki, nikawahesabisha kwa sauti kama watoto wa chuoni. Nikailegeza skrubu, nikaijaza springi mpaka mwisho, nikahesabu tena: sabini na nane. Nikaweka sindano.

Fidla yangu ikatoka pale ilipo, uzi mtupu. Kisha Mwamvua. Ilikuwa sauti ileile ya Jumamosi, imetulia, nzito kidogo, haina haraka. Hakuna aliyeweza kuwa na shaka. Alikuwa binti wa miaka ishirini katika ile santuri, na alikuwa akiimba kama alivyoimba mbele yao siku tano zilizopita. Wakasikiliza mpaka mwisho. Mimi nilisimama na kifua mbele, nikingoja waombe radhi.

Mwinyijuma ndiye aliyesema kwanza. "Sasa umeiharibu."

"Nimeiharibu nini, mwenyekiti? Hivi ndivyo tulivyopiga."

"Mimi nilikuwa nakaa mstari wa mbele tangu mwaka arobaini na saba," akasema. "Mwamvua nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuwa hivi. Alikuwa vile."

"Ulikuwa mstari wa mbele, na mimi nilikuwa juu ya jukwaa."

"Basi umesahau."

Nikamgeukia Noa. Noa ni msomi, Noa ni mtu wa zamani ya kweli, mtu wa nusu saa. "Noa, waambie. Wewe uliisikia ukumbini."

Noa akavua miwani akaifuta. Akaifuta tena. "Miraji," akasema, "mimi Tanga nimehamishiwa mwaka hamsini na mbili."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Miaka yote hiyo anatupigia kelele juu ya nusu saa ambayo hakupata kuisikia hata dakika moja. Alihadithiwa na mtu, akaipenda, akaikumbuka.

"Basi wewe ndiye usiye na la kusema," nikamwambia.

"Ninalo," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu alikuwa Lushoto, mimi hapa peke yangu, sina mtu. Kila siku nikitoka kazini nilikuja kusikia wimbo huu. Huu, wa kukimbia. Huo wa kwako sijui ni wa nani. Tafadhali, Mselem, irudishe."

Na Mselem akairudisha. Akaikaza skrubu mbele ya macho yangu, akaweka sindano, na ikatoka ile sauti ya mbio, na watu wazima na ndevu zao wakashusha pumzi kama waliookolewa majini. Mmoja akapiga makofi. Nikawaambia ni wajinga. Nikawaambia mengine ambayo imamu aliyasikia baadaye, ndiyo maana akaniita.

Mwinyijuma akangoja nikaishiwa. Yeye si mtu wa kugombana, ni mtu wa kupanga, na huyo ni mbaya zaidi. Akasema yuko msichana mmoja Chumbageni, anaitwa Saleha, nyumba yao inapakana na mkahawa mmoja wa huko ambao Mselem huuazima mashine na santuri yake siku za harusi. Ameukariri wimbo wote. Ukifumba macho utadhani ni santuri. Ila hajui kuvuta pumzi, na maneno mengine anayameza. Kisha akasogea dirishani, akasema kwa adabu kabisa, kama mtu anayetoa zawadi:

"Bi Mwamvua, tunakuheshimu sana. Klabu itakulipa mwezi mzima. Mfundishe huyu mtoto aimbe kama ulivyokuwa ukiimba wewe."

Mimi nilikuwa bado natafuta tusi la kutosha.

Sauti ya Mwamvua ikatoka uani, ileile, haikupanda wala haikutetemeka. "Mwenyekiti, huyo mnayemtaka mimi sijapata kumwona. Sina la kumfundisha mtu juu yake."

Mastura aliniambia baadaye kwamba hakulia. Aliomba maji, akanywa, akavaa buibui. Nilizunguka nyuma mbio nikamkuta anatoka mlangoni.

"Bi Mwamvua, nitaondoka Zuhura. Wallahi naondoka leo."

Akanitazama. "Kaka Miraji, Jumamosi, kabla hujahesabu chochote. Wewe ulisikia nini?"

Ningeweza kusema uongo wa pili. "Nilisikia kama wao," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaniambia nimsalimie mke wangu, akaenda zake Barabara ya Kumi. Mama yake bado alikuwa na zile posa mbili, na ile ya mzee wa Maramba ilikuwa na haraka.

Zuhura sikuondoka. Nilisema naondoka Alhamisi hiyo, na Alhamisi iliyofuata nikasema tena, kisha Iddi ikafika na hakuna mpiga fidla mwingine anayeujua mwanzo wa ule wimbo. Ndivyo nilivyojiambia. Saleha ni mtoto mzuri, hana kosa, anaimba juu huko kama alivyofundishwa na mashine, na ili nimfikie ilinibidi nizikaze nyuzi mpaka moja ikakatika nikavisha nyingine.

Alipoingia ubeti wa kwanza ukumbi mzima uliinuka. Kina mama wa kijani walikuja mbele kwa mstari, sare zilezile. Noa alikuwa analia bila kujificha. Mwinyijuma akapanda jukwaani kumtunza, machozi yanamtoka, na alipokuwa anashuka akanishika bega, akaniinamia sikioni.

"Unaona, Miraji?" akasema. "Mwamvua amerudi."

Asubuhi ya siku hiyo Mwamvua alikuwa amepanda lori la Maramba kwa mume wake mpya. Ubeti wa pili ulikuwa unaanza, nami nikapiga.