Meno Mapya ya Khadar

Jumanne, kwa soko ya mifugo ya Doldol, Khadar alikuwa ameshusha mdomo wa chini wa fahali na kidole gumba, anahesabu meno ajue umri wake, na meno yake mwenyewe mawili ya mbele yakaanguka kwa vumbi. Akayaokota, akayaweka kwa mfuko wa shati, akaendelea kubishana bei.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Wiki tatu kabla, akitafuta mtoto, alikuwa amefanyiwa operesheni Nyeri ya mishipa ya korodani, ile ilikuwa imefura bila yeye kujua. Daktari Wachuka alimwambia ukweli mapema.

"Mishipa naweza funga. Umri siwezi. Ungekuja na thelathini, ningekuwa na matumaini mingi. Sasa mbegu inaweza ongezeka, inaweza kataa."

"Na hii kitu niko nayo tangu lini?"

"Tangu ujana."

Khadar akarudi nyuma kuhesabu miaka. Kabla ya Ikran, bibi yake wa sasa, alikuwa ameoa Sahra. Miaka tisa hawakupata mtoto, akamwacha, na Doldol yote ikamwita tasa. Hakuna mwanaume mwingine alimtaka. Huwa anauza maziwa ya ngamia kwa geti ya hiyo soko.

Ijumaa meno mawili mapya yalitokea, meupe, mapana. Abdishakur, dalali mwenzake, akamfungua mdomo vile wao hufungua ng'ombe.

"Meno mbili. Bado anakua huyu. Mzee, nikuuze Nanyuki?"

"Bei gani?"

"Inategemea kama unapanda majike."

Yakakuja manne, kisha sita. Mvi ikaisha. Mwezi wa tatu baada ya operesheni, Daktari Wachuka alipima mbegu, akaandika kwa faili ati ni kama ya kijana wa ishirini na tano. Akaangalia mdomo pia, akaandika. Haikupita muda, Ikran akashika mimba.

Siku habari ilifika soko, Sahra alimwita Khadar kwa geti.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Sahra akahesabu polepole mpaka nane, kama fahali amekomaa.

"Ulienda hospitali Nyeri, ndio Ikran akashika mimba. Sasa waambie, Khadar. Hapa, wakisikia. Sema shida ilikuwa kwako, si kwangu. Hiyo tu. Sitaki kitu ingine."

Madalali walikuwa karibu, wanakunywa chai.

"Kwani Nyeri ulienda kufanywa nini?" Abdishakur akauliza. "Na sisi twende."

Khadar akamwangalia Sahra. Akawaangalia wao.

"Meno," akasema. "Nilienda kutengenezwa meno."

Wakaitikia na vichwa. Wawili wakaomba namba ya daktari, na Khadar akawatumia.

Sahra alikuwa na miaka arobaini na saba. Alimpimia Khadar kikombe ya maziwa. Khadar akakunywa yote, akasema ni tamu, akarudi kwa fahali zake.

Mwanamke mmoja akaja na mtungi, simu kwa sikio.

"Niko hapa kwa geti," alikuwa anaelekeza mtu, "kwa yule tasa."

Sahra akampimia lita moja.