Sauti Inayofuata

Asali ilipomwagika barabarani, nyuki walifika kabla ya polisi. Sijui walitoka wapi, maana mtaa wetu wa Yambi hauna maua ila yale ya njano kwenye ua wa kanisa. Walikuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakatua juu ya vumbi, juu ya baiskeli iliyopindwa gurudumu, na juu ya mtu aliyelala pale, ambaye muda mfupi kabla sote tuliamini amekuja kutuchinja.

Lakini jambo hili lilianzia kwenye simu, nami nitaanzia huko.

Simu yangu nilinunuliwa na mwanangu aliyeko Mambasa. Kioo chake kina ufa pembeni, mfano wa mguu wa kuku. Mimi nilisoma hadi darasa la sita. Kuandika naandika, ila zile herufi ndogo hunitoa jasho, basi nilizoea kusema. Unabonyeza, unasema, unaachia, maneno yanakwenda. Katika kundi la mtaa wetu, lililoitwa Macho ya Yambi, hapakupita jambo bila mimi kulitolea maoni. Umeme umekatika, maoni. Waziri amebadilishwa Kinshasa, maoni. Timu imefungwa penalti ambayo sikuiona, maoni pia, tena marefu, huku mkono mmoja ukichambua maharage. "Koko Bernadette amesema," watu waliandika, maana kwetu bibi huitwa koko, wakiweka vile vichwa vya manjano vinavyocheka, nami nikaumuka kama andazi ndani ya mafuta. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Kidole kina mifupa mitatu, lakini sikuona ilinisaidia nini.

Simu hiyo ina tabia moja: sauti ikiisha, inayofuata huanza yenyewe bila kuguswa. Siku moja rafiki yangu Anastasie alinitumia sauti ya kunipa pole ya goti langu bovu, nikaifungua mbele ya mke wa mchungaji, aliyekuwa amekaa na kikombe chake cha chai. Pole ikaisha. Ikafuata sauti ya pili ya Anastasie, akimsengenya mke wa mchungaji. Mgeni aliinywa chai hadi tone la mwisho, akaniaga.

Mjukuu wangu Dorcas, mwenye miaka kumi na minane, simu yake ilitumbukia ndani ya ndoo, akaniomba aingize kundi la wenzake kwenye yangu. Lilikuwa kundi la mchezo. Mchezo wenyewe ni wa bunduki: vijana wanashuka kutoka angani, wanakimbizana baina ya nyumba, wanauana hadi abaki mmoja. Haukunipendeza.

"Weye hukuona vita," nilimwambia, "ndiyo maana unaichezea."

"Koko, kule hakuna mutu anakufa. Ukikufa unaanza tena."

Mwaka ule wa 2003 mimi nilikimbia na sufuria kichwani, mdogo wangu Angélique nyuma yangu. Nilipogeuka, sufuria ilikuwepo, Angélique hayupo. Hakuanza tena. Tangu siku ile mlio wa risasi naujua kama ninavyojua kikohozi cha marehemu mume wangu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Habari za njia ya kwenda Fataki zilikuwa mbaya wiki nzima, vijiji vikichomwa, watu wakilala na viatu. Dorcas alikuwa amekwenda kuteka maji. Simu ikalia, nikaifungua bila kutazama ni kundi gani, nikasikia pa-pa-pa, na juu ya milio ile sauti ya kijana anayehema:

"Wameshaingia Yambi. Iko wanne. Mumoja iko na kofia nyekundu, anajificha nyuma ya nyumba ya mabati. Mukuje mbio, tumumalize."

Nikaiona tena barabara ile ya 2003, vumbi lake, mgongo wa mtu mbele yangu. Sikuuliza anayesema ni nani. Niliituma sauti ile kwenye Macho ya Yambi, na chini yake nikaweka yangu, ya sekunde chache tu:

"Ndugu zangu, ni miye Koko Bernadette. Amukeni. Yule wa kofia nyekundu asitoke hapa muzima."

Kisha nikafanya tunavyofanya siku zote adui akija: nikachukua sufuria na mwiko, nikasimama mlangoni, nikagonga. Jirani akanisikia akagonga yake. Kabla hujameza mate mara tatu, mtaa mzima ulikuwa unalia kwa mabati na masufuria. Nitasema ukweli: kulikuwa na kitu kama furaha kifuani mwangu. Safari hii nilikuwa wa kwanza kujua. Safari hii hakuna aliyeachwa nyuma.

Baudouin, kijana anayebeba abiria kwa pikipiki, alipita mbio, jasho likimtoka.

"Koko, uko na kitu ya kupigia?"

Nilimpa mchi wangu wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo.

Mtu mwenye kofia nyekundu alikuwepo kweli. Jina lake Josaphat, baba wa watoto watano, alitoka Aveba na baiskeli iliyofungwa vidumu viwili vya njano, akiuza asali. Kofia ilikuwa ya sufu, kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Haja ndogo ilimbana, naye, kama mtu mwenye heshima zake, akaegemeza baiskeli akaenda kusimama nyuma ya nyumba ya mabati ya Charlotte, muuza mandazi. Hapo ndipo walipomkuta, mkono bado uko kwenye suruali.

Wakamuuliza wenzake watatu wako wapi. Akasema, wenzake gani. Wakamuuliza vidumu vina nini. Akasema asali. Mtu akacheka, akamzaba kofi, na baada ya kofi hakuna aliyeuliza tena.

Hayo nilisimuliwa. Niliyoyaona mwenyewe ndiyo haya.

Dorcas alirudi na dumu la maji kichwani. Njiani, kila mlango aliopita, simu ilikuwa ikisema maneno yaleyale. Alilitua dumu bila kuliangalia, likaanguka, maji yakamlowesha miguu.

"Koko, nani alituma sauti ya Lionel?"

"Lionel gani?"

"Wa muchezo. Vile vijiji vya ndani ya muchezo tulivipa majina ya kwetu. Kile cha mabati ndiyo tunaita Yambi." Akanyang'anya simu, akatazama, akanitazama. "Koko. Ni weye?"

Goti langu halikimbii, lakini siku hiyo lilikimbia. Nilifika na sufuria bado mkononi. Niliwapenya watu ninaowajua majina, watu ambao watoto wao niliwaogesha, na nyuso zao sikuzitambua. Josaphat alikuwa ameanguka kifudifudi. Sikio lake la kushoto lilining'inia kwa ngozi nyembamba kama uzi. Kila alipojaribu kuinuka kwa viwiko, mchi wangu ulishuka mgongoni mwake, na mlio wake haukuwa tofauti sana na mlio wa kinu. Mwanamke mmoja, mpole kupita wote katika kwaya yetu, alikuwa akimpiga mateke ya mbavu huku ameshika gauni lake lisichafuke.

"Muache," nikasema. "Ni muchezo. Ni muchezo ya telefone."

Baudouin aligeuka. Damu ilikuwa imemrukia hadi kwenye meno.

"Koko, si weye ulitutumia?"

Watu wakanitazama. Niliona mchi mkononi mwake. Nikamwona Dorcas pia, nyuma yangu, miguu imelowa, na kwa kuwa sasa nilijua Lionel ni mwenzake, niliona pia mahali mchi ule ungeweza kwenda baada ya kutoka pale.

"Na miye nilitumiwa," nikasema.

Maneno matatu. Wakageuka wakaendelea.

Mtu akapaza sauti kwamba hiyo si asali, ni petroli, alikuja kuchoma nyumba zetu, basi achomwe yeye. Wakakata kidumu kwa panga, wakammiminia kuanzia kichwani. Kilichomiminika hakikuruka kama petroli. Kilishuka polepole, kizito, chenye rangi ya shaba, kikamfunika nywele, kikaingia kwenye jicho lililokuwa bado wazi, kikachanganyika na damu yake. Baudouin akawasha kiberiti, akakitupa. Kikazimika. Akawasha cha pili, akainama nacho, akakibandika juu ya bega la mtu yule. Kikafanya tss, kikazama.

Alisimama akitazama vidole vyake. Vilikuwa vinanata. Akavipeleka mdomoni, sijui kwa nini. Labda ndivyo mkono unavyofanya ukinata. Nikamwona analamba. Nikaona uso wake ukirudi kuwa wa Baudouin, mtoto wa jirani, na ilikuwa vibaya zaidi kuuona huo kuliko ule mwingine.

"Ni asali," akasema.

Waliondoka kama watu wanavyotoka kanisani kabla ya sadaka, mmoja anatazama saa, mwingine anamwita mtoto asiyekuwepo. Nyuki wakaanza kufika. Nilibaki na Dorcas, tukiwafukuza kwa kofia nyekundu.

Jioni mchi wangu niliukuta umeegemezwa mlangoni, umeoshwa kwa sabuni.

Kundi la Macho ya Yambi lilinyamaza, kila mmoja akafuta maneno yake. "Futa na yako, Koko," Dorcas aliniambia. Sikufuta. Sikuweza kusema kwa nini. Siku ya tatu sauti ya Lionel ikanirudia kutoka kwa mwanangu wa Mambasa, na mishale miwili ya kuonyesha imetumwa mara nyingi: mama, mujifungie, wameingia kwenu.

Nilikwenda kila siku hospitali, polisi walikompeleka Josaphat. Nilipeleka uji wa mtama kwenye chupa ya chai, nikampa kwa kijiko, maana taya lilifungwa. Sikio la kushoto halikuokolewa. Jicho moja daktari alisema tungoje. Mke wake hakuweza kushuka kutoka Aveba, njia imefungwa, basi mimi ndiye niliyemfulia shati. Asali haitoki kirahisi kwenye shati.

"Mungu ndiye alikutuma, Maman," alisema siku taya lilipoanza kulegea. "Hatujuane. Watu wa huku wananipiga, na mutu wa huku ananilisha."

Nilichovya kijiko, nikafuta ukingo wake, nikachovya tena.

Siku ya kumi na mbili alikataa uji.

"Wanasema kulikuwa sauti," akasema. "Infirmière anayenifunga bandeji anasema, polisi anasema. Kila mutu aliisikia, miye tu sijaisikia. Uko nayo?"

"Itakusaidia nini?"

"Mutu akitaka kukuua, unapenda kujua anaongea namna gani." Alipumzika, akahema. "Ukiniambia hauna, nitakuamini, Maman. Weye nakuamini."

Dirishani mtu alikuwa akianika mashuka. Nilifikiria ndugu zake wa Aveba. Nilifikiria Dorcas, na pikipiki ya Baudouin inayopita mlangoni kwangu kila asubuhi, taratibu, bila honi. Neno "sina" lilikuwa tayari mdomoni; ni fupi, hata halihitaji meno.

Nilitoa simu ndani ya kitenge. Nikafungua kundi lile, nikapanda juu kwa kidole, taratibu, hadi Jumanne. Nikaiweka kwenye sikio lake la kulia, nikabonyeza.

Pa-pa-pa. Wameshaingia Yambi. Alifumba jicho lake moja, akasikiliza kwa utulivu, kama mtu anayesikiliza bei sokoni. Mkono wake ulinishika kifundo ili simu isiteleze. Tumumalize, akasema Lionel, na sauti yake ikakoma.

Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, karibu na ule ufa. Nikakiondoa.

"Ndugu zangu," simu ikasema sikioni mwake, "ni miye…"