Milioni Moja na Tisa

Mwalimu Hitimana wa darasa la pili, Majengo, alimwambia inspekta wa shule, Mzungu, kwamba 1 000 009 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Inspekta aliahidi kumpandisha afundishe darasa la sita akileta uthibitisho. Juma zima, baada ya masomo, Hitimana aliigawanya kwa mbili, tatu, tano, saba, akizidi kupanda. Alipofika 293 hakikubaki kitu. Alirudia mara mbili. Jibu lilikuwa 3 413.

"Papa Séraphine, uko na sura ya mutu wa kufiwa," mke wake alimwambia.

"Ile namba inagawanyika."

"Muzungu hatapiga hesabu yote hiyo. Umuambie tu haigawanyike."

"Hata asipojua, inagawanyika."

Aliandika barua ya mistari miwili kwa inspekta, akalala na viatu miguuni. Kesho yake alifundisha kutoa, darasa la pili.