Bawa Tu

Watu wazima wenye akili zao hununua kiwanja, au hufuga kuku. Mimi nina miaka hamsini na miwili na ninanunua maboksi ya vipande vya plastiki, niunganishe ndege ambazo haziruki, meli ambazo hazielei, na vifaru ambavyo paka wetu anavishinda kwa mkia. Vipande navikata kwa kiwembe, navipiga msasa, navigandisha kwa gundi, navipaka rangi, kisha naviweka kabatini nyuma ya kioo na kumkataza kila mtu asiviguse. Maboksi ambayo sijayafungua ni sitini na moja. Mke wangu anasema siku nikifa hataanza kwa kulia, ataanza kwa kutafuta gari la mizigo.

Kazini natengeneza meno ya bandia. Daktari wa meno huniletea chapa ya kinywa cha mgonjwa pamoja na karatasi ya maelekezo, nami hufuata karatasi. Ikisema jino la juu kushoto, natengeneza la juu kushoto, hata kama la kulia kwake linanikera roho. Kwa miaka ishirini na sita sijawahi kuongeza jino ambalo halikuagizwa. Hili nalisema mapema ili lisije likaonekana kama nimelificha, maana ndilo linalonifanya niwe na hatia zaidi. Wenzangu kazini huniita Milimita, na kwa muda mrefu nilidhani wananisifu.

Baba mkwe wangu ni fundi mstaafu wa injini za ndege. Mama mkwe alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mzee anaishi peke yake mtaa wa pili kutoka kwetu. Macho yamemwishia polepole, siku hizi anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo, ilikuwepo ndege moja ya plastiki ya injini mbili, ya aina ile ile ya mizigo aliyoihudumia karibu maisha yake yote ya kazi. Aliiunganisha mwenyewe zamani, alipovunjika mguu akalazwa nyumbani miezi mitatu. Siku moja fimbo ya pazia ikachomoka ukutani, ikaiangukia, bawa la kushoto likakatika.

Aliniletea mwenyewe, ameifunga kwenye taulo, anatembea na fimbo yake mkono mmoja.

"Fundi," akaniambia, "nirekebishie bawa. Bawa tu."

Nikamwambia, "Baba, hii umeileta mahali pake."

Maneno ya mtu anayejipalia makaa mwenyewe.

Nilipoifungua mezani kwangu nilishtuka. Gundi ilikuwa imevuja kila kiungo. Rangi ya kijivu ilipakwa kwa brashi nene, na nyuzi za brashi zilikuwa zimebaki humo humo. Lakini balaa lenyewe lilikuwa mstari mwekundu uliopita ubavuni. Ulianza puani umenyooka vizuri, ukafika nyuma ya mlango, hapo ukavimba tone nene kama punje ya mchele, kisha ukashuka kuelekea mkiani mithili ya mtu aliyekata tamaa na safari. Mimi siwezi kulala nyumba moja na mstari wa namna hiyo.

Tuna kikundi chetu cha simu, wajenzi wa vitu vidogo, watu watano tu, na wake zetu hawajawahi kuonana lakini wanahurumiana. Nikapiga picha arobaini, nyingine nikiwa nimeweka rula pembeni, nikazituma. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mfamasia, akaandika: "Kijivu hicho ni cha friji, si cha ndege. Na huo mstari ni wa nini? Aliyepaka alikuwa anapigwa?" Wengine wakaweka vikatuni vya kulia. Nikacheka nao, na hapo hapo kiherehere kikanipanda.

Bawa lilinichukua dakika arobaini. Ningeweza kuishia hapo, nikampelekea mzee jioni ile ile, nikala sifa zangu nikalala. Badala yake nililoweka ndege nzima kwenye spiriti. Nikakwangua rangi yote. Nikapiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, hadi ubavu ukawa laini kama yai. Nikatafuta picha za ndege yenyewe, nikachanganya kijivu mara kumi na moja, nikapulizia kwa bomba matabaka manne membamba. Mstari mwekundu nikauzungushia utepe pande zote mbili, nikaupulizia, nikabandua utepe huku nimebana pumzi. Ulikuwa umenyooka hivi kwamba nilimwita mke wangu aje auone. Akaja na mwiko mkononi, akautazama.

"Mzuri," akasema. "Alikwambia upake?"

"Hakusema nisipake."

Akarudi jikoni. Kikundi kilinisifu siku mbili. Nikafunga ndege kwenye pamba na karatasi laini, Jumapili mchana tukaenda.

Mke wangu aliingia moja kwa moja jikoni kwa baba yake kuchemsha chai. Mimi nilimkabidhi mzee ndege yake, nikakaa mbele yake nimejikunjua, nikisubiri kusifiwa. Akaipokea kwa mikono miwili, akagusa bawa la kushoto, akatikisa kichwa kuridhika.

"Limeshika. Asante sana, mwanangu."

Halafu kidole chake cha shahada kikaenda puani mwa ndege, kikaanza kutembea ubavuni taratibu. Kikafika mlangoni. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena. Akageuza ndege upande wa pili, akadhani labda ameishika kinyume, akairudisha.

"Mstari uko wapi?"

"Upo, baba. Huusikii kwa kidole kwa sababu nimeupulizia. Rangi imelala kabisa." Hata pale nilikuwa bado najivuna.

"Hapa nyuma ya mlango palikuwa na uvimbe."

"Nimeuondoa, baba. Lilikuwa kosa."

Jikoni sufuria ikagongana na sufuria.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Mama yenu. Mimi mguu uko kwenye plasta, siwezi kuinama, nikamwomba anipakie huo mstari. Kafika hapo nikamwambia neno, akashikwa na kicheko, brashi ikasimama. Namwambia nyanyua brashi, nyanyua brashi, yeye ndiyo kwanza anacheka. Rangi ikajaa pale. Alipoendelea mkono ulikuwa bado unatetemeka." Kidole kilikuwa bado kinazunguka pale pale. "Tangu macho yalipokwisha, asubuhi nikiamka naugusa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu muungwana angepiga magoti pale pale aombe radhi. Mimi nilisema, "Naweza kuurudisha, baba. Nipe wiki moja," nikamnyang'anya ndege karibu kwa nguvu, na chai ilipokuja nikamwambia mke wangu kuna kitu kidogo nimesahau kumalizia.

Ile wiki sitaki hata mbwa wangu aipitie, na sina mbwa. Nilikuwa na picha arobaini zenye rula. Nilijua uvimbe ulianza milimita nne nyuma ya mlango, una urefu wa milimita sita na nusu, na umeinuka karibu milimita moja. Kilichokosekana ni mkono wa kutetemeka. Miaka thelathini nimejifunza mkono usitetemeke, sasa nautaka utetemeke, unagoma. Nikajaribu mkono wa kushoto, ukapaka vizuri kuliko wa kulia. Nikapanda ngazi za nyumba mbio mara tatu ili niheme, nikakimbilia mezani, nikapaka mstari ulionyooka huku moyo ukinidunda. Nikajaribu kucheka. Nilikaa peke yangu mezani nimeshika brashi, nacheka ha ha ha, na jirani akagonga ukuta.

Mwishowe nikafanya ninachokijua. Nikauchonga uvimbe kwa nta kama ninavyochonga jino, nikautengeneza kwa plastiki ya kazini, nikaubandika, nikaupaka rangi, nikauzeesha kwa vumbi la penseli. Nikaupima. Haukukosea hata unywele. Nilikuwa naupima mara ya pili mke wangu aliposimama nyuma yangu.

"Hiyo si ndiyo chunusi uliyoisaga kwa msasa siku tatu? Mbona umeirudisha?"

Nikamweleza. Sikuwa na njia nyingine, na kusema kweli nilitarajia aniambie uvimbe umefanana. Alikuwa shule ya bweni wakati ule ndege inaunganishwa, kisa hakukijua. Alivuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo mama alicheka," akasema, "wewe ukapiga msasa."

Nikaweka rula mezani.

"Na sasa unampelekea baba kicheko cha bandia."

"Hatajua. Nimepima."

"Atakishika kila asubuhi, na wewe utakuwa unajua. Na mimi umeshanijulisha, ukanipa na mimi mzigo wa kumdanganya baba yangu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Alikwambia bawa. Alisema bawa tu. Ungesikia mara moja tu katika maisha yako!"

Nimeambiwa mambo mengi katika ndoa, na mengi nimeyapunguza makali kwa mzaha. Hilo halikuwa na pa kushikia. Nilichukua kiwembe, nikaung'oa uvimbe wangu, nikautupa. Chini yake palibaki doa jeupe, na mstari uliokatika pande zote mbili.

Jumapili tukaenda tena. Safari hii mke wangu hakwenda jikoni. Nilimpa mzee ndege nikabaki nimesimama.

"Baba, uvimbe haupo. Nilikudanganya niliposema naweza kuurudisha. Niliuchonga mwingine nikataka kukuletea kama ndio ule. Ule wa mama nimeufuta mimi, na hauwezi kurudi. Nisamehe."

Kidole kikaenda kwenye doa, kikapapasa. Nikahesabu maua ya zulia.

"Kwa nini uliufuta?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anataka kujua, na hiyo ilinichoma zaidi.

"Niliona kosa, baba. Nikiona kosa siwezi kuliacha."

"Hmm." Akamgeukia binti yake, upande ambao kivuli chake kilikuwa. "Una rangi nyekundu?"

"Mimi sina, baba. Huyu anatembea nayo mfukoni." Kweli nilikuwa nayo, na brashi tatu. Akanipokonya brashi nene kuliko zote.

"Mimi sijawahi kupaka hata kucha za mtoto zikanyooka," akasema.

"Njoo ukae hapa," mzee akamwambia. "Wewe fundi, shika ndege. Usiseme kitu."

Nikapiga magoti nikaishika. Mke wangu alianzia puani. Alibonyeza mno, rangi ikatapakaa, mstari wangu wote ulionyooka ukazama chini ya wake. Mkono ulikuwa unamcheza. Mzee alikuwa anamsimulia, amefika wapi mama yake, alikaaje, mguu wa plasta ulikuwa juu ya kiti kipi. Hakuna aliyecheka. Alipofika penye doa, mke wangu alisimamisha brashi, mabega yakaanza kutikisika, akawa analia bila sauti, na rangi ikajaa pale, ikazidi, ikaanza kushuka ubavuni kuelekea kwenye bawa nililolirekebisha.

Mkono wangu wa kulia uliachia ndege wenyewe ukaingia mfukoni kuchukua kitambaa. Nilikuwa nimeshakitoa. Tone lilikuwa milimita mbili kutoka kwenye kiungo cha bawa, na kulifuta ni kazi ya nusu sekunde.

"Limevuja?" mzee akauliza.

Nilikikalia kitambaa.

"Limevuja, baba."

"Liache likauke," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkono wa binti yake, umeushika na brashi yake.