Nafasi ya Elias kwenye Foleni

Binti wa kampuni ya magari alipiga simu kutoka Songea siku ya Jumanne, nikiwa napima usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, sokoni Mbinga. Akauliza kama mzee Elias yupo. Nikasema hayupo. Akauliza atarudi saa ngapi. Nikamwambia tumemzika mwezi wa nne. Akasema pole mama, halafu akasema gari limefika.

Nikashukuru, nikaendelea kupima. Mteja akaniambia nimemzidishia kisado kizima. Nikamwambia achukue tu. Mimi, Ottilia, nizidishe kisado! Lakini ndivyo nilivyokuwa tangu msiba. Chakula nilikula bila kujua nakula nini, na watu waliponipa pole niliwajibu asante, na nyie pia.

Gari lenyewe ni pikapu ya umeme. Mume wangu alijiandikisha mwaka juzi, ile yetu ya dizeli ilipokufa injini, tukawa tunakodi magari kuleta usipa kutoka Mbamba Bay. Alisubiri, akapiga simu kila wiki, akanichosha. "Likishuka mlima linajichaji lenyewe," ananiambia. Namuuliza, "Sisi si tunashuka na magunia matupu? Mzigo tunapanda nao. Likipanda je?" "Litapanda." "Na umeme ukikatika?" "Ottilia, una maneno wewe!" Hatukuwahi kukubaliana. Na hela ya kulinunua ilikuwa ya wote wawili, hela ya usipa, iko benki kwa majina yetu.

Sasa sikieni kituko. Siku ya kumaliza msiba, baada ya misa, wazee wa ukoo walikaa nyumbani kwao, kijijini Ukata, kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Koti likaenda kwa mpwa wake, baiskeli kwa mdogo wake. Vilipokwisha, shemeji yangu Mansuetus, kaka mkubwa wa Elias, akasema kimebaki kitu kimoja: foleni. Foleni gani? Foleni ya gari. Marehemu alikuwa na nafasi yake, na nafasi ya mtu haiachwi wazi, lazima irithiwe. Jamani! Nikadhani watamcheka. Wakaijadili kwa Kimatengo, kwa heshima zote, kama shamba la kahawa lenye mipaka. Mwisho wakampa Mansuetus. Yeye ndiye atasimama mahali pa mdogo wake. Na hela? Hela atatoa mjane, maana gari ni la familia.

Nikasema sawa. Nikaenda kuosha vyombo.

Yule binti, jina lake Herieth, alitupa mpaka Ijumaa. Tukaenda Songea na basi la asubuhi, mimi na Mansuetus. Njia nzima alinihesabia atakachobeba: mahindi, mbao, wanakwaya. Usipa hakuutaja. Nilipomuuliza akasema hapana, harufu itaharibu gari jipya. Nilielewa vizuri kabisa. Hela ile ikitoka, mtaji wangu umekwisha, na mzigo wangu haupandi humo. Nitauza nini? Nilielewa, ila halikuniuma. Nikatazama miti.

Gari lilikuwa jeupe, safi. Herieth akatuonyesha pa kuchomeka waya. Mansuetus alishaketi kwenye usukani, na kuendesha hajui. Herieth akaniwekea fomu mezani, akanipa kalamu, kwa sababu sahihi ya benki iliyobaki ni yangu.

"Mama, tunalichukua?"

"Ngoja kwanza nimuulize mwenzangu," nikasema.

Yalinitoka tu. Miaka ishirini na sita ndivyo ninavyowajibu wavuvi wa Lipingo, kule ziwani, wakinitajia bei. Ngoja nimuulize mwenzangu. Wala simuulizi! Nazunguka nyuma ya mtumbwi, nakaa kidogo, narudi na bei yangu. Elias alijua, alikuwa anacheka kweli. Tangu tumzike sikuwa nimeyatamka maneno yale, na Herieth, ambaye nilimwambia mwenyewe kwenye simu kwamba mume wangu amefariki, akainamisha kichwa.

Mansuetus akatoa kichwa dirishani. "Niulize mimi, shemeji. Mwenzako sasa si ndiye mimi?"

Alisema kwa upole, tena anatabasamu. Nikasikia hasira. Sikuwa nimesikia kitu chochote tangu mwezi wa nne.

"Shuka," nikamwambia.

"Shemeji, wazee walikaa, wakaamua..."

"Wazee waligawa vitu vya Elias. Mimi si koti. Shuka kwenye gari la watu!"

Akashuka. Nikamrudishia Herieth kalamu yake. "Mwanangu, mpe anayefuata."

"Una uhakika, mama? Ukijiandikisha upya utaanzia mwisho kabisa."

"Mpe anayefuata."

Mansuetus akatoka nje kuwapigia simu wazee. Mimi nikakaa pale pale kwenye vigae vyao vinavyong'aa, nikalia kwa sauti mpaka mafundi wakaja kuchungulia. Herieth akachuchumaa, akanishika bega, akauliza kama ni shemeji amenikosea. Nikamwambia huyo hata simfikirii. Elias alilitaka gari hili mno, mwanangu, nami nimelikataa, na hayupo hata wa kunikasirikia.