Sikio la Kushoto

...na hata fimbo hana, hata kamba hana, ile hatamu ameitupia begani kama taulo, ameingia zizini na viatu vya turubai kama mtu anayekwenda kuanika nguo, na huyu ndiye mkufunzi tuliyeambiwa na Bosi kuwa anazungumza na farasi, mwanamke mfupi wa kunifika kwapani, nami asubuhi nilicheka, sikuficha, miaka kumi na mmoja nimemlisha Bibie, nimempiga brashi, nimemwita kwa jina nililompa mwenyewe mpaka mke wangu akanuna, "Farasi unamwita Bibie, mimi unaniita wewe," halafu aje mtu wa kusimama tu... na ndicho anachofanya, amesimama tu katikati ya zizi la duara, mabega kayalegeza, macho chini, na Bibie kule ukingoni kichwa juu, weupe wa jicho umemtoka, mguu wa nyuma kauning'iniza kwa sababu haukanyagiki tena, nauona uvimbe kutoka hapa uzioni nilipo, harufu yake naisikia, wiki tatu usaha unapanda na hakuna aliyeweza kumsogelea, shemeji yake Bosi alijaribu akatoka na mbavu mbili zimevunjika, dawa ya usingizi alipigwa kwa mbali akaangukia mguu uleule, na daktari wa mifugo yuko nyuma yangu amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkoba mrefu miguuni, mtu mpole, hana ubaya, ameshasema mara moja na hatarudia, akivishwa hatamu kabla ya saa sita nausafisha mguu, asipovishwa basi, kumwacha hivi ni kumtesa, na hakuna aliyemuuliza ndani ya mkoba mrefu mna nini.

Saa tano na dakika ishirini, nimeshaiangalia saa mara ngapi, na yule mwanamke amegeuza bega, bega tu, kitu kidogo ambacho ningekipitia bila kukiona, na Bibie kageuza shingo, sasa anatembea, hamwendei, anapita kando kama mtu aliyekumbuka shughuli zake, Bibie akipandisha kichwa anasimama, anampa mgongo, anangoja, na Bosi ananong'ona, "Mbona unampa mgongo, si atakupiga teke?" naye anajibu bila kugeuka, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "Nikimkodolea macho namwambia nakuja kukukamata. Nikimpa mgongo namwambia pumua, sikutaki kwa nguvu," na Bibie akapumua, wallahi nilimsikia, puani, mpaka vumbi likaruka, mimi niliyemfungulia mlango kila alfajiri miaka kumi na mmoja sikujua kama mgongo wa mtu unaweza kusema kitu, mimi nilikuwa nasema kwa mdomo, nasema mno, mke wangu ananiambia mdomo wako hauna breki, nilimsimulia Bibie bei ya majani, magoti yangu, harusi ya binti yangu, naye ananitazama na lile jicho lake kubwa nikadhani tunaelewana... "Sikio la kulia nimelipata," anasema mkufunzi, na kweli, sikio la kulia limemfuata anakokwenda, "la kushoto bado." Bosi anauliza la kushoto liko wapi, ila mimi naliona, nimeliona tangu mwanzo, limenielekea mimi, pamoja na jicho, wiki tatu hizi kila nikipita ananifuata kwa jicho hilohilo, wote wengine anawakimbia mimi ananiangalia, na moyo ulinivimba, nilimwambia Bosi mbele ya watu, huyu ananijua, huyu ananiomba msaada, nami sina la kumfanyia, mtu ukiombwa msaada na mnyama ukakosa la kufanya unakonda, nimekonda kweli, suruali naifunga kwa kamba... ngoja, anamsogelea, ubavu kwa ubavu, hatua mbili, tatu, mkono umening'inia tu, Bibie kanyosha pua, fanya hivyo mama, fanya hivyo, mnuse... kashtuka. Karudi ukingoni kwa miguu mitatu, na ule wa nne umegonga mbao, na mlio alioutoa siuwezi, nimeuma midomo.

"Nani alikuwa akimkamata zamani?" anauliza mkufunzi, na Bosi, kwa majivuno kabisa, "Huyu mzee wetu, yeye alikuwa hana shida, akimwonyesha karoti tu anakuja mwenyewe." Karoti mkono gani, anauliza. Wa kulia, nasema. "Na wa kushoto?" Bosi anacheka, daktari kwenye ndoo yake kaacha kucheza na funguo, na mimi, "Mgongoni," nasema, "na hatamu," maana ndio ulikuwa ujanja wangu, niliwafundisha na wenzangu, karoti mbele hatamu nyuma, akishatafuna unamtia kamba kabla hajajua, tulikuwa tunacheka, na hata siku ile ya lori nilifanya hivyohivyo, mtoto wa Bibie ana miezi minne na mnunuzi anangoja, Bosi akasema mkamate mama mtu wewe anakuamini, nikaenda na karoti, akaja mbiombio, akaja mwenyewe jamani, nikamfunga kwenye nguzo, nikamshika uso na mikono hii wakati mtoto anasukumwa ndani ya lori analia na yeye anamjibu, namwambia basi, basi, basi, mpaka lori likapotea, akavuta kamba akirusha mateke mpaka mguu ukakatwa na ukingo wa bati la banda, na mimi nilijua wiki nzima kabla kwamba mtoto anauzwa, nikawa namsimulia habari za magoti yangu, hilo la lori sikumwambia... mkufunzi amenifikia uzioni, hana hasira, afadhali angekuwa na hasira, anaongea na mbao, hanitazami, kumbe hata mimi ananifanyia lugha ileile, "Baba, hakuombi kitu. Ametazama mikono yako tangu niingie. Mimi haniogopi, ila hawezi kunisikiliza akiwa anajihadhari na wewe. Geuka taratibu, nenda nyuma ya banda mpaka asikuone. Ukienda, nadhani atashusha kichwa, na akishusha kichwa nitamvisha." Ni hivyo tu, hatua thelathini, hata mtu mdogo anaweza, na hizo hatua thelathini ndizo zinazomtoa Bibie mbele ya ule mkoba wa daktari, nazijua, sina ubishi nazo, ila miguu, na kila aliyepo hapa atamwona Bibie akipoa, Bosi ataona, daktari ataona, mimi nitakuwa nimekodolea ukuta wa nyuma ya banda nasikiliza kwato, na zikinyamaza nitajua miaka yote kumi na mmoja nilikuwa nani kwake, nikibaki hapa naweza kuendelea kusema ananijua, saa tano na nusu, "Baba," anasema mkufunzi, hajapandisha sauti, nami nimeishika mbao kwa mikono yote miwili, Bibie ananitazama namtazama, na ninachoomba moyoni, Mungu anisamehe, ni kwamba nikishageuka asishushe kichwa.