Nafasi Namba Nne

"Usitazame usukani, baba. Usukani hauendi popote. Tazama unakokwenda."

Mwalimu alisema hivyo huku mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wake. Mwanafunzi, muuza vipuri wa miaka hamsini, alikuwa anakanyaga klachi kama mtu anayeua nge. Simu ya Mwalimu ikatetema. Alikuwa mumewe.

"Wamebandika karatasi mlangoni," mume alisema. "Maegesho yetu yanachukuliwa leo saa kumi na mbili jioni. Eti siku saba hatujayatumia."

"Na aliyetuzuia kuyatumia?"

"Huyo karatasi haikumtaja."

Jengo lao lilikuwa la ghorofa nne, na ua wake ulikuwa na nafasi saba za magari zilizopigwa mistari ya rangi nyeupe. Namba nne, yao, ilikuwa mbele ya mlango kabisa, na waliilipia ndani ya kodi kila mwezi. Namba tatu ilikuwa ya jirani wa chini, aliyeitwa Mheshimiwa ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura. Alifanya kazi ofisi ya leseni na alitembea kana kwamba leseni zote za mji zinatoka mfukoni mwake. Namba tano ilikuwa ya dobi wa ghorofa ya juu, ila dobi hana gari, kwa hiyo Mheshimiwa aliipata kwa kanuni hiihii ya siku saba. Akaweka humo pikapu yake.

Wiki hiyo yote, gari lake kubwa jeusi na ile pikapu vilikuwa vimekanyaga mistari ya namba nne, huku na huku. Katikati palibaki upenyo wa kupitisha mbuzi. Mwalimu alimwomba mara mbili asogeze.

"Mbona nafasi ipo?" Mheshimiwa alimjibu. "Au huko kwenu hamfundishi kuegesha?"

Mwalimu hakupenda ugomvi. Akawa anaegesha nje, ukutani mwa soko, na hapo ndipo alipokosea. Kuna watu ukiwapa shubiri wanachukua pima.

Aliyeumia zaidi ni mumewe. Alikuwa fundi wa paa hadi siku alipoanguka na kuvunjika nyonga. Sasa alitembea kwa magongo mawili, na mara tatu kwa wiki alitakiwa hospitali kwa mazoezi. Toka mlangoni hadi namba nne angeweza. Hadi ukutani mwa soko hakuweza, na kubebwa mgongoni na mkewe barabarani alikataa katakata. Alikuwa amekosa mara mbili. Muuguzi alishasema: akikosa na kesho, zamu yake anapewa mgonjwa mwingine, naye arudi mwisho wa foleni ya miezi minne.

Saa kumi na moja Mwalimu alisimama mbele ya meza ya msimamizi wa jengo, kwenye kichumba cha chini ya ngazi.

"Mama, mimi natekeleza kanuni tu," msimamizi alisema kabla hajaulizwa.

"Nisomee."

"Nikipita na daftari saa kumi na mbili, gari liwe ndani ya nafasi yake. Basi."

"Imesema liingie vipi?"

"Haijasema."

"Na mimi nitoke vipi?"

Msimamizi alijikuna shingo. "Hapo pia haijasema."

Mwalimu akaenda kuleta gari. Lilikuwa dogo, limechakaa, lina kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Habari zilishasambaa, wapangaji walijaa vibarazani. Mheshimiwa alisimama uani na kikombe cha chai.

"Ukinikwaruza utanilipa," alisema.

"Nikikukwaruza nitakulipa."

Akakunja vioo vya pembeni vya gari lake, kisha akakunja na cha gari jeusi, kwa adabu, kama anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Halafu akaligeuza gari aingize pua kwanza.

"Amekosea," mtu mmoja alisema juu. "Kwenye upenyo kama huu watu huingia kinyumenyume."

Ni kweli, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake kwa miaka kumi na sita. Lakini leo aliendelea na pua mbele. Aliingia kidogo, akasimama, akarudi, akanyoosha tairi. Akaingia tena. Upande wa kulia palibaki upana wa kiganja. Upande wa kushoto, vidole vitatu. Pua ilipokaribia ukuta, akazima injini.

Milango yote minne ya gari isingefunguka hata kwa kupenyeza daftari. Mheshimiwa akaanza kucheka. "Haya, lala humo."

Ndipo buti la nyuma ya gari likafunguka. Mwalimu alikuwa amekilaza kiti cha nyuma. Kikatoka kiatu, mguu, sketi iliyoshikwa vizuri, na mwisho Mwalimu mzima. Vibaraza vililipuka kwa vifijo.

"Andika," alimwambia msimamizi, aliyekuwa ameshafika na daftari lake. "Namba nne, gari limo. Weka na saa."

Msimamizi akaandika. Aliinamia daftari, labda kuficha kicheko.

"Sasa toa gari lako," Mheshimiwa alisema. "Nina kikao, na mlango wa dereva haufunguki."

"Una mwingine upande wa pili."

Hakuwa na njia. Akapandia mlango wa abiria na suti yake, akavuka gia kwa magoti, tumbo likabanwa na usukani, honi ikalia yenyewe.

"Polepole, Mheshimiwa," dobi aliita toka juu. "Utakwaruza tumbo."

Mwalimu alimsogelea kwenye dirisha la abiria. Hakucheka. "Jirani, mimi naweza kuingia hivi kila siku, ndiyo kazi yangu. Wewe utaweza kupanda hivyo kila siku?"

Mheshimiwa akawasha gari, akaondoka. Ila aliporudi kutoka kikaoni aliegesha katikati ya mistari yake, na pikapu nayo akaisogeza.

Asubuhi karatasi ilikuwa bado mlangoni, kanuni ni ileile, na dobi bado hakuwa na nafasi aliyoilipia. Lakini mlango wa gari dogo ulikuwa wazi hadi mwisho, na mume alikuwa anauendea kwa magongo, gongo moja, gongo la pili, mguu. Mheshimiwa alisubiri ndani ya gari lake, injini inaunguruma, maana asingeweza kutoka kabla mgonjwa hajapita.

"Watu wanachelewa kazini kwa ajili yangu," mume alinong'ona. "Niharakishe?"

"Usiharakishe," Mwalimu alisema. "Tembea kama mtu aliyelipa kodi."